Picha ya kuchora kwa mkono iwe vigae vya ukuta wa bustani: kuprinti, kupaka na kuchoma, au kufinyanga kabisa?

Mchanga_Mweupe
Wakuu, habari za jioni. Nataka kuweka picha ya vigae kwenye ukuta wa bustani, sentimita 120 kwa 90. Mchoro ni wetu wenyewe. Fundi wa kwanza anasema ataprinti kwenye vigae vyeupe na kuvibana kwa mashine ya joto, siku mbili kazi imekwisha. Wa pili anataka kupaka rangi juu ya vigae vya dukani halafu avichome. Wa tatu anasema afinyange kuanzia udongo, picha inyanyuke. Bei zimepishana mbali sana. Nichukue ipi? Jibu linatakiwa Ijumaa.

Tanuri1060
Mkuu, hujasema ukuta unatazama wapi, una kivuli au hauna, uko mbali kiasi gani na bahari, wala umejengwa kwa nini. Na mchoro ni wa wino, penseli au rangi za maji? Bila hayo kila mtu hapa atakupigia debe la kwake.

Ila huyo wa kwanza mtoe kabisa. Hiyo ni sublimesheni: kigae kina utando wa plastiki, na rangi inazama kwenye utando huo kwa joto la nyuzi 200 hivi. Hapo hakuna kilichochomwa. Ndani ya nyumba sawa, juani itapauka.

FundiPimamaji
Tanuri, ahsante. Naongeza swali: mstari wa chini wa vigae utakuwa juu ya udongo wa maua kwa sentimita ngapi? Hilo ndilo linaloua kazi nyingi, siyo rangi.

BiRangi
Mie nasimama na wa pili, kwa masharti. Vigae vya dukani vya 15 kwa 15 vimenyooka na vipimo vinalingana. Nane kwa sita ni 48, na kwa nafasi ya milimita 3 unapata 122.1 kwa 91.5, kwa hiyo mwambie mchoraji apime hivyo, siyo 120 kwa 90. Nunua 56, maana vingine vitapasuka.

Rangi ya juu ya glezi, yaani juu ya ule utando wa kioo wa kigae, huchomwa nyuzi 750 hadi 800. Asikimbize tanuri. Kwenye 573 kwarzi iliyomo kwenye udongo hubadilika umbo ghafla, na kigae cha dukani kikipitishwa hapo mbio kinapasuka kama kioo. Nyuzi 100 kwa saa mpaka avuke 600, na wakati wa kupoa asifungue mlango mapema.

Namba aziandike nyuma kwa oksidi ya chuma, A1 mpaka F8. Kalamu ya kawaida inaungua, halafu mnabaki na vipande 48 vya majani yanayofanana.

Tanuri1060
BiRangi, rangi ya juu ya glezi nje? Imekaa juu juu tu. Mchanga wa upepo na brashi ya kufulia vitaikwangua. Rangi ya chini ya glezi, kigae kichomwe mara ya kwanza, kipakwe, kimwagiwe glezi angavu na kurudishwa kwenye 1060. Hapo rangi imefunikwa na kioo.

BiRangi
Anayesugua picha ya bustani kwa brashi ya kufulia ana shida nyingine.

Mchanga_Mweupe
Samahani wakuu. Ukuta uko Kigamboni, kama mita 200 kutoka baharini, unatazama magharibi, hauna paa. Tofali za saruji, ulijengwa mwaka jana. Chini kuna bustani, maua yanagusa ukuta. Mchoro ni wa binti yangu, penseli za rangi, korongo wawili kwenye mikoko. Una kivuli kingi sana cha penseli, ndio uzuri wake.

FundiPimamaji
Sasa tunaongea. Ngoja nieleze ukuta mmoja wa aina hiyo hiyo, kila mtu aone mlolongo.

Tofali zilifyatuliwa kwa mchanga wa ufukweni, haukuoshwa. Juu ya ukuta hakukuwa na kofia, mvua ikawa inaingia kutokea juu. Fundi alibandika kila kigae kwa madonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, nyuma kukabaki mashimo. Maji ya bustani yakapanda, yakabeba chumvi, yakajaa kwenye yale mashimo. Jua la alasiri likakausha upande wa mbele, chumvi ikaganda chini ya glezi na kuvimba. Kwanza grauti, ile saruji ya kujaza maungio, ilitoa unga mweupe. Watu wakaufuta na siki, jambo lililoila grauti zaidi. Kisha glezi ikaanza kuruka vipande vidogo kama magamba, mstari wa chini kwanza. Mwisho vigae viwili vikaanguka vizima, na migongo yake ilikuwa safi kabisa isipokuwa yale madonge. Mwenye nyumba alimlaumu mchoma vigae. Vigae havikuwa na kosa.

Dawa yake: kofia yenye kingo inayotoka nje ya ukuta, mstari wa chini uanze sentimita 20 juu ya udongo, matabaka mawili ya simenti ya kuzuia maji, gundi inayonyumbuka itandazwe ukutani kwa mwiko wa meno na nyingine ipakwe mgongoni mwa kigae. Bandika kimoja, kibandue, tazama. Kama gundi haijashika karibu mgongo wote, rudia. Pembeni mwa picha weka silikoni badala ya grauti, maana ukuta wa magharibi unapanuka.

Mvita_Mjini
Mbona makaburi ya kale ya nguzo ya Kunduchi, Dar, na Mambrui, Kenya, yalitiwa mabakuli ya Kichina karne kadhaa nyuma, karibu na bahari, wala hapakuwa na gundi inayonyumbuka? Chokaa tu. Nyie mnapenda saruji mno.

Tanuri1060
Kaka, bakuli la kaure halinywi maji, kigae cha ukutani cha dukani kinakunywa zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Na mengi ya mabakuli hayo leo ni mashimo.

Mvita_Mjini
Mashimo kwa sababu watu waliyachokoa! Chokaa inapumua, chumvi inatokea kwenye chokaa badala ya kwenye glezi. Saruji inaifungia.

FundiPimamaji
Kwenye hilo la kupumua ana hoja. Ndiyo maana kwa Kigamboni nisingebandika ukutani hata kidogo. Bandika kwenye ubao wa saruji wa milimita 12, utundike kwa mabano ya chuma kisichoshika kutu daraja la 316, uache upenyo wa sentimita 2 nyuma. Uzito wote ni karibu kilo 45, mabano sita yanatosha. Na siku mnahama mnaondoka nayo.

Ughaibuni_Bergen
Huku kwetu wote mngekuwa mmekosea. Maji yakiganda ndani ya kigae kinachonyonya, kinapasuka majira ya baridi ya kwanza. Nje ni kaure tu, inayonyonya chini ya asilimia 0.5.

BiRangi
Kigamboni baridi hiyo itoke wapi, jamani.

Turudi kwenye mchoro, hakuna aliyeugusa. Kivuli cha penseli hakitoki kwa njia ya fundi wa tatu. Picha ya kunyanyuka inataka mistari michache na sehemu pana. Hata cuerda seca, ule mstari wa manganizi na mafuta unaotenganisha glezi, haupendezi chini ya milimita moja. Mchoro huu unataka brashi na rangi ya chini ya glezi, au usanifiwe upya.

Kabla ya yote chora gridi ya 8 kwa 6 juu ya nakala. Jicho la korongo lisiangukie kwenye ungio, wala mdomo usipite pembeni mwa kigae kwa milimita mbili tatu. Sogeza picha nzima, usisogeze jicho. Kuhamisha: toboa nakala kwa sindano, pigapiga kifuko cha vumbi la mkaa, vitone vitabaki kwenye kigae na vitaungua vyenyewe.

Na kijani cha mikoko aulize kama kina kromu. Kromu ikikaa jirani na glezi nyeupe ya oksidi ya bati, weupe unageuka waridi.

Tanuri1060
Ukimchukua wa tatu, mwulize udongo wake unasinyaa kiasi gani. Akisema asilimia 10, mwulize atakata kigae kibichi cha ngapi. Jibu ni milimita 166.7. Akisema 165, ameongeza 10 juu ya 150, kitatoka 148.5, na kwenye vigae nane umepoteza milimita 12. Vikauke siku kumi katikati ya mbao, visipigwe na feni. Kona zikinyanyuka, tanuri haizirudishi chini.

Mchanga_Mweupe
Nimempigia wa pili. Anasema rangi zake ni za juu ya glezi tu, ila yuko tayari kujaribu za chini. Wa tatu amesema 165.

Mvita_Mjini
Haha. Kofia ya ukuta ijengwe kwa chokaa lakini.

BiRangi
Usimpe wa pili oda Ijumaa. Mlipe kigae kimoja cha majaribio, kile chenye jicho na majani pamoja. Binti anaruhusu mchoro kurahisishwa?

Mchanga_Mweupe
Bado sijamwuliza.

Ughaibuni_Bergen
Nje ya mada: kuna anayejua Dar tanuri la umeme la kukodi kwa siku? Na umeme ukikatika kwenye 900 inakuwaje?

Tanuri1060
Ukirudi unaendelea pale pale, haiharibu. Ukikatika tanuri likiwa linapoa kwenye 600 na mtu akafungua mlango achungulie, hapo ndipo pa kulia.