Presha ni yangu, sufuria ni letu sote: nifanyeje na mke wangu?

Habari za jioni wakuu.

Nina miaka 44, naishi Mbagala na mke na watoto wawili. Mwezi uliopita nilipima presha ikasoma 152/96, wiki iliyofuata 148/94. Daktari hakunipa dawa kwanza. Alisema nipunguze chumvi na kitambi, nitembee, nirudi baada ya miezi 3.

Shida iko nyumbani. Nilipoomba chumvi ipungue, wife akanipikia matembele yangu kwenye kisufuria pembeni, hayana hata kitunguu, wao wakala nyama ya kukaanga mbele yangu. "Aliyeambiwa ana presha ni wewe." Siku ya nne nikajikuta kwa muuza chipsi, nakula chipsi mayai gizani kama mwizi. Peke yangu siwezi. Mlio kwenye ndoa, mlifanyaje?

Bibi wa Tandika: Mwanangu, ulimwomba au ulimwamuru? Miaka yote anapika unasifia, leo umerudi na karatasi ya hospitali, chakula chake kimekuwa sumu. Hata mimi ningekupa hicho kisufuria! Mzee wangu alipopatwa, hatukukata chumvi siku moja. Kwanza kichupa cha chumvi kikaondoka mezani. Halafu vile vidonge vya mchuzi vya dukani, maana ni chumvi juu ya chumvi. Tukaongeza ndimu, tangawizi, pilipili. Mtu mmoja asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, na humo imo ya mkate na ya dagaa. Sasa hivi pilau la shughulini linatushinda kwa chumvi.

Mzee wa Daladala: Pole mkuu, ila hapo kwenye gizani nimecheka mpaka konda kanigeukia.

Nesi Mstaafu: Nendeni wote mkapime, presha na sukari. Na je, mkeo kuna mimba aliyopata nayo sukari? Hata kama iliisha alipojifungua, mwanamke huyo yuko kwenye hatari zaidi ya kupata kisukari baadaye. Kutembea iwe dakika 30 za haraka, siku 5 kwa wiki. Miezi 3 ikifika rudi, na ukiandikiwa dawa, meza. Usije ukaanza kuhangaika na maji ya kitunguu saumu.

Baba Mapacha: Sisi jioni tunashuka vituo viwili kabla, tunamalizia kwa miguu. Humo njiani ndimo tunapoongea ada za watoto. Ndani ya nyumba hatukuwahi kuzimaliza bila kununiana.

Mtoa mada: Asanteni sana. Bibi, niliamuru. Nesi, mimba ya pili alipata sukari, nilishasahau kabisa. Nimemuuliza sasa hivi, kanyamaza kidogo, kisha kasema Jumamosi tutoke saa 12 asubuhi tukapime, kabla hajanywa chai. Kisufuria bado kipo, ila leo hakijapanda mekoni.