Tupeane uzoefu: unamwambiaje mdai wako kwamba hela haijatimia?

Mwanzisha mada, Kigoma mjini: Wanaodaiana mwaloni, dukani na kwenye vikoba, mnatumia maneno gani?

Mchuuzi wa dagaa, Kibirizi: Kwanza panga siku ya kulipa kwa kufuata giza, zile siku usiku hauna mbalamwezi. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa na mitumbwi inalala, sasa ukiahidi kulipa mwezi mpevu umejitega mwenyewe. Ahidi siku tano baada ya giza kuanza, dagaa wa mwanzo washakauka na kuuzwa. Wakati wa mvua ongeza siku, maana wakinyeshewa chanjani bei inaanguka.

Hela ikipungua, andika siku mbili kabla, sio siku yenyewe usiku:

"Shikamoo mama. Ile 150,000 ya Ijumaa, mkononi nina 80,000, naituma leo jioni. 70,000 iliyobaki nakuletea Jumatano. Kama itakubana naomba uniambie."

Hapo kuna kiasi, kilichopo, siku, na yeye kaachiwa nafasi ya kusema. "Nitakucheki" haina siku. Na hiyo 80,000 itumwe kweli jioni ileile, la sivyo meseji imekuharibia zaidi ya ukimya.

Mwenye duka, Ujiji: Mmesahau ya kutolea! Ukituma 80,000 kavu, akienda kwa wakala makato ni yake. Kwako umelipa yote, kwake kuna upungufu. Ulizaneni mapema. Ukishatuma mwombe akate kwenye daftari, nawe tunza meseji ya muamala. Halafu msije kutueleza deni wateja wamejaa; asubuhi tukifungua ndiyo saa yake.

Mkulima wa tumbaku, Urambo: Huku kosa ni kuahidi kwa kuangalia kilo. Mkopo wa pembejeo unakatwa kwanza kupitia chama cha msingi cha ushirika, kinachobaki ndicho chako. Na siku ya soko sio siku ya hela. Kibarua aliyekuvunia mwoneshe karatasi ya mauzo, mwambie: "Tumeuza, benki bado haijaingia." Akiiona karatasi hawezi kudhani umeshakula.

Katibu wa kikoba, Tabora: Rejesho likikwama, mhazini ajue kabla ya kikao. Kumtuma mtoto na kitabu kitupu ni dharau. Faini ipo palepale, usiibishie.

Mwanzisha mada: Na mdai akijibu "sawa" tu?

Mchuuzi wa dagaa, Kibirizi: Kanuna huyo. Usimpigie kujieleza upya. Jumatano peleka 70,000 kwa mkono.