Naomba ushauri: kusisimua ubongo kwa maumivu sugu ya neva mkononi

Wakuu, hasa mnaotumia koili ya sumaku (inayosisimua ubongo kutoka nje ya kichwa) kila siku, naomba msaada. Mgonjwa ana maumivu ya neva kwenye kifundo cha mkono wa kulia na kiganja. Neva ya mediani imeharibika na dawa hazitoshi. Hana kifafa wala chuma kichwani.

Mpango ni kulenga gamba la mwendo (sehemu ya ubongo inayoendesha misuli) upande wa kushoto, unaoendesha mkono wa kulia: hezi 10 (mapigo 10 kwa sekunde), mapigo 3,000 kila kikao, nguvu asilimia 80 hadi 90 ya kizingiti. Tatizo ni hicho kizingiti. Kwa kawaida hutafutwa pigo dogo kabisa linaloshtua msuli wa gumba ukiwa umetulia, lakini msuli wenyewe umekonda, maana unategemea neva hiyo hiyo mbovu. Kizingiti kitaonekana kikubwa kuliko kilivyo, na nguvu itazidi. Je, mnapima kwa msuli ulio kati ya gumba na kidole cha shahada, ambao uko chini ya neva ya ulna, au mnachukua kipimo cha mkono usioumwa? Naegemea la kwanza, kwa kuwa pande mbili za ubongo si lazima zilingane.

La pili, kwa wanaotumia mkondo mdogo wa umeme: miliampia 2, dakika 20, anodi (ncha chanya) eneo hilo hilo, kathodi (ncha hasi) juu ya nyusi ya kulia, sponji za sentimita 5 kwa 7 zilizoloweshwa maji ya chumvi. Zikikauka, ngozi inawaka. Zikilowa mno, maji hayo yanachuruzika kwenye nywele na mkondo unatawanyika. Mnaweka mililita ngapi kila sponji?