Kisa cha Ruaha Mkuu kwenye kamusi elezo ya maji: nani aandike?

Mleta mada

Wakuu, kuna kamusi elezo ya mtandaoni ya usimamizi wa maji, inaandikwa na yeyote anayejitolea, na inaomba visa vya mabonde. Kila mto Ruaha Mkuu ukitajwa, kuna anayesema tuwaachie wataalamu, wanakijiji wataleta siasa. Napinga.

Siasa iliingia zamani. Mto ulikauka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwishoni mwa 1993. Mgao wa umeme ulipobana, lawama zikawaangukia wakulima wa mpunga na wafugaji wa Usangu, bonde la juu la mto. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa, na 2008 likaja Tangazo la Serikali namba 28 (GN 28) lililoingiza Pori la Akiba la Usangu ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Ilhali watafiti, wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) wakiwemo, walishaonyesha kwamba Mtera, bwawa la umeme huko chini, hujazwa na mafuriko ya masika, tena hupokea pia mito ya Ruaha Mdogo na Kisigo. Tatizo la umeme lilikuwa zaidi namna maji yalivyofunguliwa bwawani kwenda kituo cha umeme cha Kidatu.

Hapo mkulima asishangilie. Maji ya kiangazi ni haba, hayajazi bwawa, lakini viboko wa hifadhini hawana mengine. Kutoka Ihefu, kinamasi cha Usangu, mto unapita juu ya mwamba pale Ng'iriama. Kina cha maji kikishuka chini ya mwamba, hakivuki kitu, hata kama nyuma yake bado kuna maji. Kwa hiyo banio (mlango wa kuingiza maji ya mto kwenye mfereji wa mashamba) lililoachwa wazi Septemba lina madhara kweli, hata kama majaruba hayana mpunga.

Kisa kisichotaja miezi kinachanganya kesi ya umeme na kesi ya viboko. Na nani anajua banio lipi lilikuwa wazi Septemba? Ni wakulima wanaoshika zamu ya maji.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hoja nzuri, ila unamtega mkulima. Sheria ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji. Akiandika kwamba walifungulia usiku nje ya kibali, amejishtaki mwenyewe, na Bodi ya Maji ya Bonde, inayotoa vibali, nayo ina intaneti. Halafu wafugaji waliohamishwa watamwandikia nani, na wako wapi? Utapata kisa cha waliobaki tu.

Mchangiaji wa pili

Mnasahau kuna njia ilishajaribiwa hukohuko Usangu. Watafiti walileta ubao mkubwa ulioinama, gololi zikawa maji, vijiti vikawa mabanio. Wa juu wakizoa gololi zote, wa chini wanabaki wanatazamana. Watu walibishana waziwazi bila mtu kutajwa kwamba ni mwizi. Andikeni kisa kutokana na vikao vya namna hiyo.

Mleta mada

Hoja ya kibali naikubali nusu. Tuondoe majina ya watu na ya mifereji midogo, tubakize mwezi, ukubwa wa shamba na utaratibu wa zamu. Waliohamishwa wapewe ukurasa wao, usiohaririwa na hifadhi wala na wakulima, maana wakichanganywa na wengine watapewa aya moja, yamekwisha. Wataalamu walete vipimo vya mto, hilo sina ugomvi nalo.

Sasa aliyewahi kushika zamu kwenye banio lolote la wilaya ya Mbarali, huko Usangu, aanze na hili: mkishavuna, mlango mnaufunga mwezi gani, na nani ana ufunguo?