Mota ya mlango wa gereji imegoma, nina laki nne na nusu tu: nichukue ipi?

Binti wa Isamilo

Habari za jioni wadau wa Mwanza. Naombeni ushauri, hela yenyewe ni ya kupimia na nikikosea sina ya kununua mara ya pili.

Nyumba yetu iko Isamilo mlimani, imekaa juu ya mawe kama nyingi za huku. Ukija kwa barabara ya chini unapanda ngazi 31. Gereji iko barabara ya juu, sakafu yake ni sawa na sebule. Zamani hilo halikuwa na maana yoyote kwetu. Tangu Februari mama alipovunjika nyonga anatumia kiti cha magurudumu, na gereji ndiyo njia pekee anayotokea bila kubebwa na wanaume watatu. Ana kliniki Bugando kila baada ya wiki mbili.

Mlango ni wa bati, vipande vinne vinavyopanda na kulala darini. Upana mita 2.4, kimo 2.1. Marehemu baba aliufunga 2015 pamoja na mota ya cheni. Wiki mbili zilizopita umeme ulikatika usiku, ukarudi, ukakatika tena. Usiku huohuo tulisikia kishindo gerejini, tukadhani paka kaangusha ndoo za rangi. Asubuhi nabonyeza rimoti, mota inanguruma, mlango unanyanyuka kama kiganja kimoja halafu unasimama na kurudi chini. Nimeamini umeme umeiunguza.

Nina 450,000, na humo humo nimlipe fundi. Nimepata njia tatu:

Duka moja mjini wameniambia ya zamani ilikuwa ndogo, nichukue yenye nguvu ya kuvuta ya nyutoni 1,200. Wanataka 780,000. Kwingine wana isiyo na jina, 390,000, haina betri. Na shemeji yangu aliyeko Dallas amebadilisha ya kwake, anasema yupo tayari kunitumia ile ya zamani bure, nilipie mzigo tu.

Nielekezeni. Kliniki ijayo ni Jumatano ya wiki kesho.

Mzee wa Sengerema

Pole sana binti, na mpe mama pole zangu.

Hiyo ya Dallas iache. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, hezi 60 (hezi ni mizunguko ya umeme kwa sekunde). Wetu ni 230 na hezi 50. Watakwambia weka transfoma ya kupunguza, na kweli volti itashusha, lakini hezi haizigusi. Mota nyingi za zamani za kule zikipewa hezi 50 huzunguka polepole na kupata joto. Mimi mwanangu aliniletea mashine ya kusaga nyama kutoka huko, nikaifunga na transfoma, ikanukia moshi kabla ya Pasaka kufika. Halafu rimoti za kule nyingi hutumia mawimbi ya redio ya megahezi 315 au 390, huku madukani utakuta za 433. Ikipotea moja umeumia.

Fundi wa Nyakato

Dada, usinunue chochote kwanza. Nimesoma mara mbili, na kilichonishtua si umeme, ni hicho kishindo.

Mlango kama wako haubebwi na mota. Unabebwa na springi, ile nyaya nene iliyojiviringa kwenye bomba juu ya mlango. Springi ikiwa nzima, mlango wa kilo hamsini na kitu unaunyanyua kwa mkono mmoja, na mota kazi yake ni kuuongoza tu. Springi ikikatika inalia kama bunduki, na inaweza kukatika hata usiku wakati mlango umetulia. Baada ya hapo mota inajaribu kubeba uzito wote peke yake, inaona mzigo umezidi, inasimama na kurudi. Ni hivyo hivyo ulivyoeleza.

Fanya hivi mchana, mlango ukiwa UMEFUNGWA. Nasisitiza umefungwa, kwa sababu ukiuachanisha na mota ukiwa juu na springi imekatika, unashuka wote kwa mkupuo na unaweza kuua mtu. Chomoa mota kwenye soketi. Vuta kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli, ndiyo inayouachanisha mlango na mota. Kisha watu wawili wenye nguvu waunyanyue taratibu. Ukiwa mwepesi na ukikaa wenyewe katikati, springi ni nzima na tutazungumza habari ya mota. Ukiwa mzito kama gunia la mchele, urudisheni chini polepole na muache hapo hapo. Angalia juu kwa tochi: springi iliyokatika ina mwanya wa vidole viwili vitatu.

Springi usiiguse wewe wala kijana wa jirani. Imekazwa kwa nguvu nyingi, chuma cha kukazia kikiponyoka kinavunja mkono. Mie kovu ninalo.

Na hesabu inakubali. Springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko 10,000, kufungua na kufunga ni mmoja. Kama mnatumia mara tatu kwa siku, hiyo ni miaka tisa. Baba yako alifunga 2015. Imefanya kazi yake yote.

Ungenunua hiyo ya nyutoni 1,200 ingeubeba mlango mwezi mmoja au miwili, huku gia zake zikiliwa na bati la juu la mlango likikunjika. Mlango wa gari moja, springi ikiwa nzima, nyutoni 600 zinautosha kabisa.

Mkazi wa Bwiru

Naunga mkono fundi. Mimi naongeza la usalama kwa ajili ya mama. Ukija kubadilisha mota, usikubali isiyo na macho ya sensa, yale mawili yanayotazamana pembeni mwa mlango. Marekani tangu 1993 mota ya gereji ya nyumbani hairuhusiwi kutengenezwa bila kinga ya kuzuia mlango usimbane mtu. Yafungwe chini, isizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, yaone magurudumu ya kiti. Jaribio lingine: laza kipande cha mbao cha unene wa sentimita 4 sakafuni, funga mlango. Ukiigusa mbao lazima urudi juu wenyewe. Usiporudi, mama asipite hapo mpaka umerekebishwa.

Sisi tulio karibu na ziwa tuna jambo jingine. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi hufuata taa na kujaa kwenye vioo vya sensa, mlango unakataa kufunga na watu wanaita fundi bure. Kitambaa kikavu, basi.

Binti wa Isamilo

Wabeja sana, wote. Fundi, ulichosema ndicho.

Jumamosi tumevuta kamba, mimi na kaka zangu wawili. Mlango ulikuwa mzito kiasi kwamba kaka mkubwa alisema umeshikwa na kitu. Nikapiga tochi juu, nikauona mwanya. Nilisimama pale nikawaza nilivyokuwa nimeshaomba mkopo wa kikoba kuongezea hiyo laki saba na themanini.

Fundi niliyempata alikuja na mizani ya mchele, akapima mlango: kilo 54. Akapima unene wa waya, urefu na upana wa springi, akaangalia imeviringishwa upande gani. Zipo mbili, moja tu ndiyo imekatika, lakini amebadilisha zote kwa kuwa zina umri mmoja. Springi na ufundi 170,000.

Sasa msichana anayemsaidia mama anaufungua kwa mkono mmoja. Umeme ukikatika tunavuta kamba na tunatoka. Miaka yote hii sikujua mlango huu unaweza kufunguka bila mota.

Mota ya zamani inafanya kazi, ila nikifungua kifuniko naona vumbi jeupe la plastiki, na ikianza kuvuta inakwaruza.

Fundi wa Nyakato

Hiyo ni gia ya plastiki. Imeliwa wiki hizo mbili ilipokuwa inahangaika na mzigo. Inabadilishwa gia peke yake, hununui mota. Piga picha gia na maandishi ya ubavuni mwa mota, uende nayo dukani, ulinganishe idadi ya meno. Ukikosa hapa mjini, Dar wanatuma kwa basi.

Na gereji hiyo ina mlango mwingine wa kuingilia kutoka nje?

Binti wa Isamilo

Haina. Tukiwa nje na umeme umekatika, tunazunguka ngazi 31.

Fundi wa Nyakato

Basi kabla ya gia, toa kwenye akiba ufunge kufuli ya nje yenye waya unaovuta ile kamba nyekundu. Unatobolewa mlango tundu dogo, unafungua kwa ufunguo. Ifanywe kabla ya Jumatano, mama akirudi kutoka kliniki asikute umeme umekatika akabaki barabarani.

Binti wa Isamilo

Imefungwa leo saa tisa. Funguo mbili, moja kwangu, moja kwa msichana. Tumezima umeme makusudi, tukamtoa mama mpaka barabarani na kumrudisha. Alitaka abaki nje kidogo atazame ziwa, maana hakuwa ametoka tangu kliniki iliyopita.