Tupeane uzoefu: mchezaji gani wa besiboli timu yako ingempa thenkyu (ingemtema) mapema?

Mzaramo wa Anaheim

Wakuu, salaam. Tulio huku Marekani na tulioshanasa kwenye besiboli tukutane hapa. Najua wengi bado mnaona ni mchezo wa watu wazima kusimama juani wakitafuna mbegu za alizeti. Na mimi nilikuwa hivyo, mpaka kijana wangu alipoanza kucheza shuleni.

Mimi ni shabiki wa Angels, timu ya Anaheim. Msinicheke. Nilihamia Anaheim 2011, na Desemba ya mwaka huo timu ikamsainisha Albert Pujols miaka 10 kwa dola milioni 240. Mwaka uliofuata akaja Josh Hamilton, miaka 5, milioni 125. Desemba 2019 akaja Anthony Rendon, miaka 7, milioni 245. Kwa mtu aliyekulia kwenye kelele za usajili wa Kariakoo, nilijua nimeangukia kwenye neema. Tangu nihamie tumeingia mtoano mara moja tu, 2014. Kansas City wakatupiga tatu bila, mechi ya mwisho ikawa Jumapili usiku, Jumatatu nikaingia kazini nimenuna kama niliyefiwa.

Rendon hajawahi kutuchezea zaidi ya mechi 58 kwa msimu, na msimu kamili una mechi 162. Mwaka 2025 hakugusa uwanja kabisa, alifanyiwa upasuaji wa nyonga. Kijana ana jezi yake. Imepauka kwa kufuliwa, si kwa kushangiliwa.

Lakini kidonda changu hasa ni Pujols. Nilipiga kelele miaka minne atemwe, mguu umekwisha, hakimbii. Mei 2021 wakamtema kweli, nikanunua pilau ofisini. Wiki mbili hazijaisha, Dodgers wa Los Angeles wakamchukua, hapo juu tu, nusu saa kwa gari kama hakuna foleni (na foleni ipo siku zote). Angels wanalipa mshahara, Dodgers wanamtumia. Mwaka 2022 akarudi kwao St. Louis, akapiga homurani 24 (mipira inayopaa mpaka nje ya uwanja) na kustaafu akiwa na 703. Ile ya 700 aliipigia palepale uwanja wa Dodgers. Mimi niko ghalani napanga maboksi, wenzangu wanashangilia, natabasamu kwa nje.

Haya, nani kwenye timu yako ungempa thenkyu, au alipewa ukajuta? Tiririkeni.

Mchaga wa St. Paul

Mkuu, pole kwanza. Mimi mhasibu, nianze na hesabu, maana watu wanasema "atemwe" wakidhani pesa inarudi.

Besiboli ya huku mkataba umedhaminiwa. Timu ikimwondoa mchezaji kwenye orodha ya watu 40, ina siku saba: imuuze, atakaye amchukue na mkataba wake mzima, au aachwe huru. Nani atabeba mkataba wa milioni 38 kwa mwaka wa mtu mwenye nyonga mbovu? Hakuna. Basi anaachwa huru, timu ya kwanza inaendelea kulipa, na atakayemchukua anatoa kima cha chini tu, ambacho kwa 2025 kilikuwa dola 760,000. Ndicho walichofanya Dodgers kwa Pujols.

Bado kuna kodi ya timu zinazotumia sana. Kwa kodi hiyo hawaangalii mwaka huu umelipwa ngapi, wanagawa mkataba mzima kwa miaka yake. Milioni 245 kwa miaka 7 ni milioni 35 kila mwaka, awe anapiga au analala. Kikomo cha 2025 kilikuwa milioni 241. Kwa hiyo ukimtema galasa hupati hata senti. Unapata kiti kimoja kwenye orodha ya wachezaji 26 wa siku ya mechi, basi.

Na mimi nina dhambi yangu. Joe Mauer wa Minnesota Twins, mzaliwa wa hapahapa St. Paul, miaka 8, milioni 184. Alikuwa mdakaji, na mdakaji anayepiga vile ni mali adimu. Mwaka 2013 mipira ikamgonga kichwani mpaka ubongo ukatikisika, wakamhamishia besi ya kwanza. Nikawa kiongozi wa wanaosema mshahara wa mdakaji hauliwi na mtu wa besi ya kwanza. Siku ya mwisho ya msimu wa 2018 akavaa vifaa vya mdakaji, akadaka mpira mmoja tu, akatoka. Uwanja mzima umesimama unalia. Mimi nilijifanya nafuta miwani. Mwaka 2024 wakamwingiza kwenye jumba la magwiji kule Cooperstown, na rekodi ya maneno yangu wajomba zangu wanayo kwenye simu.

Mama Zamu ya Usiku

Jameni, mmeanzaje bila Baltimore? Hii mada ni yetu.

Mimi ni nesi kwenye nyumba ya wazee. Kulikuwa na mzee mmoja, kiharusi kilimchukua upande wa kushoto, Orioles, timu ya Baltimore, ndiyo ilikuwa imebaki. Bila redio hanywi dawa. Yeye ndiye aliyenifundisha huu mchezo, kati ya saa tatu usiku na kubadilisha shuka.

Sasa, Chris Davis. Mwaka 2013 alipiga homurani 53, hakuna aliyempita ligi nzima. Januari 2016 akapewa miaka 7, milioni 161. Mwaka 2018 wastani wake ukawa .168, yaani ukimpa gongo mara sita anapatia mara moja. Halafu ikaja ile kiu. Kuanzia Septemba ya mwaka huo mpaka Aprili 2019, mara 54 mfululizo bila kupatia hata moja. Rekodi kwa mchezaji asiye mrushaji. Mzee alikuwa na kalenda ukutani, kila mpira uliokosa ananiambia nichore kijistari. Akisikia jina tu anafoka, "Mtoeni huyo!" Mimi namjibu mzee, tulia, pressure itapanda.

Tarehe 13 Aprili 2019, mechi ya Boston. Haikuwa zamu yangu lakini nilikuwa nimeshikilia ya mwenzangu. Zamu ya kwanza tu ya kupiga, besi zote zimejaa, Davis akapatia, wawili wakaingia. Yule mzee hawezi kupiga makofi, mkono mmoja haufanyi kazi. Akapiga paja. Akapiga, akapiga, mpaka nikaja kushika mkono wake nikidhani ameshikwa na kifafa. Anacheka. Akaniambia nitoe kalenda.

Davis alistaafu Agosti 2021, mkataba bado umebaki mwaka. Pesa zingine aliahirisha kuchukua, milioni 42, atakuwa akilipwa mpaka 2037. Watu wangu hapa hilo linawauma sana. Mimi huwa nawakumbusha kwamba yeye na mkewe walitoa milioni 3 kwa hospitali ya watoto hapa mjini, kisha wananiambia nesi hajui mpira. Sawa.

Kahawa Chungu, Queens

Mpaka 2037 mnalia? Njooni Mets. Kila tarehe 1 Julai Bobby Bonilla anaingiziwa dola 1,193,248 na senti 20. Mara ya mwisho kutuchezea ilikuwa 1999! Walimpa thenkyu wakiwa bado wanadaiwa milioni 5.9, wakamwambia subiri, tutaanza kulipa 2011, kwa miaka 25, na riba ya asilimia 8. Mwenye timu alidhani pesa yake kwa Madoff, yule tapeli wa uwekezaji, itazaa zaidi ya hiyo. Mwisho wa Madoff mnaujua.

Bonilla atamaliza 2035 akiwa na miaka 72. Huyo hakucheza besiboli, kacheza upatu akapokea wa mwisho.

Mtu wa Bukavu

Ndugu zangu, mimi niko Arlington, Texas. Nilifika 2009, Kiingereza sina, nikawekwa kwenye kazi ya usafi usiku pamoja na mzee mmoja wa Meksiko. Tulikuwa tunaongea kwa mikono na kwa Rangers, timu ya huku.

Siku moja mwaka 2010 ananionyesha gazeti, anacheka mpaka anakaa chini. Timu imeenda mahakamani kusema imefilisika. Kwenye orodha ya wale wanaoidai, jina la juu kabisa ni Alex Rodriguez, karibu milioni 25 za dola. Mimi nauliza, huyu si anacheza New York? Ndiyo! Ameondoka tangu 2004! Rangers walimpa miaka 10 na milioni 252, makuta (pesa) yakawashinda baada ya miaka mitatu, wakamtoa kwa Yankees na kukubali kubaki wakilipa sehemu. Yaani umemfukuza mtu nyumbani, na wewe ndiye unamlipia kodi kule alikohamia.

Sasa sikieni. Oktoba ileile tukakutana na Yankees, anayeshinda anaenda World Series, yaani fainali, na Rangers walikuwa hawajafika huko hata mara moja. Mechi ya sita, tunaongoza 6 kwa 1, mtu wa mwisho wa kupiga ni nani? Rodriguez. Mrushaji wetu Neftalí Feliz akamtumia mpira, yeye akasimama tu anautazama, mwamuzi akasema straiki ya tatu. Imekwisha. Yule mzee akatupa ufagio juu, ukavunja taa ya dari. Tulikatwa mshahara wote wawili, hakuna aliyejuta.

Dereva wa Oakland

Mimi napingana na mada yenyewe. Hoja yangu ina jina moja, mrushaji Barry Zito.

Nilimpenda akiwa hapa Oakland, halafu Desemba 2006 akavuka daraja kwenda Giants wa San Francisco, miaka 7, milioni 126. Huko akachuja. Mwaka 2010 Giants wanachukua ubingwa, yeye hata kwenye orodha ya mtoano hayumo, mshahara anapokea. Abiria wangu walikuwa wakimtukana kutoka uwanja wa ndege mpaka mlangoni, na mimi naitikia maana nataka bakshishi.

Oktoba 2012. Giants wamefungwa tatu kwa moja na St. Louis, mechi moja zaidi wanaaga, na mechi hiyo ni ugenini. Nani anaanza kurusha? Zito. Kuna abiria alinambia geuza gari, sina haja ya kufika kuangalia. Zito akarusha karibu zamu nane bila kuruhusu pointi hata moja. Mpira wake mwenyewe ulikuwa hauna kasi, unafika kama barua ya posta, lakini wanaukosa. Akagusa mpira kwa gongo taratibu, mwenzake akaingia. Tano bila. Wakashinda mbili zilizofuata, wakaenda World Series, mechi ya kwanza akaanza yeye dhidi ya Justin Verlander, akashinda tena. Detroit wakafungwa nne bila.

Sasa niambieni, yule wangemtema 2010 kama tulivyotaka wote, ile mechi ya St. Louis angerusha nani?

Mkenya wa Lowell

Dereva, hiyo ni bahati, usiifanye sheria. Agosti 2012 Red Sox wa Boston waliwafungasha Carl Crawford, Adrián González na Josh Beckett kwenda Los Angeles na mikataba ya zaidi ya dola milioni 250. 2013 tukawa mabingwa. Kuachilia mzigo kunasaidia, ukipata wa kuubeba.

Shida ni pale viongozi wanapozoea. Februari 2020 wakataka tena kupunguza, wakamtoa David Price na nusu ya mkataba wake kwenda Dodgers, ila pamoja naye wakamtoa Mookie Betts, nyota wetu. Betts! Mwaka uleule akawa bingwa huko. Mimi bado sijakaa sawa, na mke wangu amekataza hilo jina wakati wa chakula.

Niko Dar

Samahani wakubwa, besiboli niliionja kidogo kwa Wajapani waliokuwa wakifundisha vijana hapa mjini, ligi ya Marekani siifuatilii. Ina maana mtu akiumia, akashuka kiwango, analipwa yote? Huku klabu inakupa thenkyu mtandaoni na picha nzuri, halafu mshahara unaufuata FIFA mpaka klabu ifungiwe kusajili.

Mchaga wa St. Paul

Analipwa yote, mdogo wangu. Na hawakupewa bure. Zamani klabu ilimmiliki mchezaji maisha, mkataba ukiisha inauongeza yenyewe. Curt Flood wa St. Louis alikataa kuhamishiwa Philadelphia mwaka 1969, akaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, akashindwa 1972, na mchezo ukawa umemwisha. Waliofaidi ni waliokuja baada ya uamuzi wa 1975 ulioruhusu wachezaji kuwa huru. Kwa hiyo mimi nikimtukana Mauer namtukania chini chini.

Mzaramo wa Anaheim

Wakuu, mada imenoga, nimemsomea kijana yote mpaka ya kalenda ya mzee. Kaenda kabatini katoa jezi ya Rendon, anauliza eti Angels wakimtema, akaenda Dodgers, atapiga?

Nimemwambia akalale, kesho shule.