Kairuki au KIUT? Kuthibitisha mwisho Ijumaa

Mtoto wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Naomba msaada wa haraka. Tumechaguliwa Kairuki na KIUT (Kampala International University ya hapa Tanzania), vyote hapa hapa Dar, na ujumbe wa kuthibitisha chuo kimoja umeshaingia kwenye simu. Mwisho Ijumaa. Nyumbani tumegawanyika, mzee yuko huku, mama yuko kule. Kipi bora? Majibu ya kueleweka tafadhali.

Msema Kweli
Mkuu, kozi gani? Kairuki ni chuo cha afya. KIUT utakuta sheria, ualimu, biashara na afya humo humo. Huwezi kuuliza kipi bora bila kutaja kozi.

Bi Mkunga
Na nani analipa? Mkopo wa Bodi ya Mikopo au mfuko wa mzee? Na huyo "tumechaguliwa" ni wewe au mtoto? Tupe picha kamili ndugu yangu, hapa tunapiga ramli.

Kiboko ya Foleni
Mnakaa wapi? Mimi swali langu ni hilo tu. Jina lako linasema Tabata. Kutoka Tabata kwenda Gongo la Mboto iliko KIUT si sawa na kwenda Mikocheni iliko Kairuki, na foleni ya asubuhi haijali kama una mtihani saa mbili.

Ngosha
Achaneni na Dar. Mpelekeni Bugando. Mwanza maisha nafuu, hospitali ni ya rufaa ya Kanda ya Ziwa nzima, wagonjwa wanatoka hadi Kagera na Mara. Mwanafunzi anaona kila ugonjwa kwa macho yake.

Msema Kweli
Ngosha, mtu ana barua mbili za Dar na siku tatu mkononi. Bugando inaingiaje?

Ngosha
Inaingia kwa sababu dirisha la pili la kuomba chuo lipo. Au KCMC, Moshi. Ile hospitali imefunguliwa 1971, imelea madaktari wa nchi hii miaka yote. Mimi nasema ninachokijua.

Mtoto wa Tabata
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Ni mdogo wangu wa kike, kamaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB, ana C ya Kemia, C ya Baiolojia na D ya Fizikia. Kozi ni udaktari, MD, ile ya miaka mitano. Mkopo kaomba, hatujui atapata asilimia ngapi. Mzee anataka Kairuki kwa sababu ya jina. Mama anataka KIUT, binti wa jirani yetu amesoma pale na sasa yuko kazini. Tunakaa Tabata Segerea, ndiyo.

Mzee wa Mikocheni
Kwa MD mimi nipo na mzee. Hospitali ya Kairuki ipo tangu 1987, chuo kikaja 1997. Yaani wagonjwa walitangulia, wanafunzi wakafuata. Marehemu Profesa Hubert Kairuki mwenyewe alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake. Mwanafunzi anatoka darasani anaingia wodini kwa miguu.

Gongo la Mboto Daima
Nimesoma KIUT na sijutii hata siku moja. Kwanza watu waache kuuliza kama utaenda kusoma Uganda, shangazi yangu mpaka leo anaamini nilikuwa Kampala. Chuo kiko Gongo la Mboto na kinasimamiwa na TCU, tume ya vyuo vikuu, kama vingine. Pili, unaishi na watu wa kila fani. Rafiki yangu wa sheria ndiye aliyenisomea mkataba wangu wa kwanza wa kazi, akanionyesha kipengele ambacho mimi nisingekiona.

Bi Mkunga
Jina na rafiki wa sheria tuviweke pembeni kwanza. Niwaeleze yaliyonikuta mimi. Sitataja chuo, hakimo kwenye hivi viwili na hakiko Dar.

Nilichagua kwa ada. Karatasi ya ada ilikuwa nafuu kuliko kwingine, baba akauza ng'ombe wawili, nikaenda. Mwaka wa kwanza safi. Mwaka wa pili ikaanza michango isiyokuwa kwenye karatasi: ya maabara, ya vitendo, ya mtihani. Siku ya mtihani wa kwanza wa muhula wa pili nikakuta orodha imebandikwa mlangoni kwa gundi ya karatasi, majina yetu yamepigwa mstari wa wino mwekundu. Nilikuwa nadaiwa shilingi 65,000. Nimesimama nje na kalamu mkononi, nasikia msimamizi akisema "anzeni". Mtihani ule nikaufanya kama sapu, yaani wa marudio, mwaka uliofuata.

Hilo la pesa niliweza kulimeza. Kilichoniuma ni wodi. Mwaka wa tatu makubaliano ya chuo na hospitali moja yakaisha, tukahamishiwa nyingine ambako vyuo vitatu vinagombea wagonjwa wale wale. Tulikuwa kama ishirini kwenye kitanda kimoja. Mama wa watu anajifungua, amejifunika uso kwa khanga, na sisi tumemzunguka. Mimi mfupi, nilikuwa mstari wa tatu, nasimama kwa ncha za vidole. Mkunga anauliza "mmeona?" Wote "tumeona". Sikuona kitu. Kitabu changu cha vitendo kikasainiwa hivyo hivyo. Nilipoanza kazi, mama wa kwanza kumzalisha peke yangu, mikono ilitetemeka mpaka muuguzi mkuu akanishika viwiko. Nilimaliza zamu nikalia.

Kwa hiyo kijana, usiulize kipi bora. Waulize wanafunzi wa mwaka wa nne, siyo ofisi ya udahili: mnazunguka hospitali zipi, na kwenye kitanda kimoja mnakuwa wangapi? Kitabu cha TCU kinataja idadi ya nafasi za kila kozi. Linganisha idadi hiyo na vitanda vya wanakopelekwa.

Gongo la Mboto Daima
Pole sana dada. Hilo ni swali la haki, na vyuo vyote viulizwe, siyo KIUT peke yake.

Mzee wa Mikocheni
Kweli. Hata chuo chenye hospitali yake, wakijaa wodini wanajaa.

Kiboko ya Foleni
Narudi kwenye usafiri. Segerea mpaka Gongo la Mboto yuko jirani, anaweza kulala nyumbani. Mikocheni lazima apande mbili, na kuna siku za zamu ya usiku. Kodi ya chumba mmeihesabu?

Msema Kweli
Mwanafunzi wa MD asilale nyumbani. Atadisko, yaani atafeli na kuondolewa chuo. Wenzake wanasoma kwa vikundi mpaka saa sita usiku, yeye yuko kwenye daladala.

Kiboko ya Foleni
Wangapi wamesoma wakiwa nyumbani na wamefaulu? Hosteli nako kuna starehe zinazowaangusha watu.

Mama Wawili
Na mkopo msiutegemee wote. Bodi inatoa ada kwa asilimia, iliyobaki mnajazia wenyewe, kila mwaka, miaka mitano. Boom, ile pesa ya kujikimu, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu ilipopanda kutoka 8,500 mwaka 2022, na hiyo ni ya chakula na malazi. Akianza kazi anakatwa asilimia 15 ya mshahara. Kaeni na mzee mpige hesabu ya mwaka wa tatu, siyo ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa kwanza kila mtu ana pesa.

Ngosha
Ndiyo maana nasema Mwanza. Chumba cha Dar na chumba cha Bugando haviko sawa.

Mtoto wa Tabata
Bi Mkunga, nimemsomea mdogo wangu maneno yako, amenyamaza muda mrefu kisha akasema anataka kuviona vyote viwili kabla ya kuthibitisha. Kesho asubuhi Gongo la Mboto, mchana Mikocheni. Mama anakuja nasi. Mzee amesema Gongo la Mboto haendi.

Mzee wa Mikocheni
Mshawishi aende. Yeye ndiye mlipaji.

Mfamasia Mpya
Samahani kwa kudandia uzi. Mimi nina diploma ya famasia, nataka digrii. Kati ya hivyo hivyo viwili niende kipi?

Bi Mkunga
Diploma umemaliza mwaka gani, GPA ngapi, na umeshasajiliwa na Baraza la Famasi?